Chumba cha Mgonjwa na Watu Wake

Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru na kuanza kazi baada yake tumebaki wachache, na kila mwezi unaopita tunazidi kupungua. Tuliokuwa kwenye ujenzi wa serikali, wachora ramani, wahandisi, wasimamizi, mafundi waashi na maseremala, tulijuana nchi nzima kwa majina na kwa tabia, maana tulihamishwa mkoa hadi mkoa na kukutana kwenye misingi ya majengo yale yale. Leo tunakutana zaidi misibani. Na kabla ya misiba tunakutana kandokando ya vitanda, kwa kuwa wengi wetu hatuondoki ghafla. Ni saratani, figo, kiharusi, moyo, na siku za mwisho huwa nyingi kuliko familia ilivyokadiria. Katika vyumba hivyo nimekaa kama ndugu, kama rafiki, kama jirani, lakini jicho la mtu aliyeshika rula maisha yake yote halistaafu. Naona dirisha liko wapi, mlango una upana gani, mgonjwa akifumbua macho anatazama nini, na mkewe amekalia nini. Haya nawaandikia vijana wetu wanaosomea usanifu majengo, pamoja na wale wanaokaa kwenye vikao vya halmashauri kupitisha ramani za hospitali. Nawaandikia kwa heshima, kwa sababu kazi hii sasa imo mikononi mwao, na sisi ndio tutakaolala katika vyumba watakavyovijenga.

Nyumba tulimozaliwa zilikuwa na mahali pa mgonjwa wa aina hiyo, ingawa hapakuwa na mchoro uliopataja. Kwetu Pangani nyumba ilisimamishwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo, ikaezekwa makuti. Mbele baraza, katikati ukumbi unaotoka mlango wa mbele hadi uwani, na vyumba vimejipanga huku na huku. Mzee akishazidiwa hakufichwa chumba cha nyuma. Alihamishiwa chumba cha mbele kinachopakana na baraza, kitanda chake cha kamba kikasogezwa dirishani, mlango ukaachwa wazi na pazia likateremshwa. Kutoka pale alisikia salamu za wapita njia, adhana, watoto wakirudi chuoni, mchi ukipiga kinu uwani. Aliyetaka kumjulia hali alibisha hodi saa yoyote. Usiku wanawake walipokezana kulala ukumbini juu ya mikeka, wanaume wakakesha barazani, na mgonjwa akikohoa tu palikuwa na mtu wa kuinuka. Kitanda kile cha miti na kamba kilikuwa chepesi. Watu wawili walikigeuza bila kumtikisa aliyelala, na ndivyo kilivyogeuzwa ilipofika saa ya kumwelekeza kibla. Akishakata roho, ulichimbwa ufuo katika sakafu ya udongo chini ya kitanda, maji ya kumwoshea yakapita katikati ya kamba na kuzama ardhini. Nyumba ile ile ilibeba kazi yote, toka kuuguza hadi kuosha na kukafini, na hapakuwa na haja ya kumpitisha marehemu mbele ya macho ya wasiomhusu.

Wenzetu wa nyumba za mawe nao walikuwa na mpango wao. Katika nyumba za zamani za Lamu mtu huanzia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akapita kiwanda, yaani ua wa ndani, akaingia misana, yaani kumbi ndefu, na nyuma ya yote, mbali na kelele na macho ya njiani, ndipo penye chumba cha ndani kabisa. Humo wanawake walijifungua, na humo maiti waliandaliwa. Waliozijenga nyumba hizo waliweka mwanzo na mwisho wa mtu mahali pamoja, wakapazungushia kuta nene. Uchaggani, ambako nilihamishiwa nikiwa kijana, mzee aliuguzwa ndani ya kihamba chake, na kaburi likachimbwa humo humo, kwenye migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Lakini nisieleweke kwamba naililia nyumba ya udongo. Ndani yake palikuwa na moshi na giza, na palikuwa na maumivu yasiyo na dawa. Tulipokuwa wadogo tulisikia mtu akigumia usiku kucha nyumba ya tatu, na wazazi wetu hawakuwa na la kufanya ila kusoma Yasini na kumpangusa jasho. Wanaougua leo wanastahili dawa ile ambayo babu zetu hawakuipata. Ninachosema ni kwamba wakati ule dawa ilikosekana na mahali palikuwepo. Sasa dawa imeanza kupatikana, na mahali pamepotea.

Hospitali tulizorithi kutoka kwa wakoloni zilikuwa na shabaha nyingine. Ile ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani na kukamilika mwaka 1897, ni jengo ambalo kila msanifu wa nchi hii anapaswa kulitembelea akiwa na daftari. Kuta zake ni nene, veranda zake pana, na limewekwa ufukweni ili upepo wa bahari upite ndani mchana na usiku bila mashine yoyote. Katika enzi ya Mwingereza upepo ule ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa Sewa Haji, hospitali iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara aliyetoa fedha za kuijenga. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya leo. Katika nyingi ya hospitali hizo, wodi zilikuwa chumba kirefu kimoja, vitanda safu mbili, madirisha yakitazamana. Mpango huo ulienezwa na Florence Nightingale wa Uingereza katika karne ya 19: hewa ipite, mwanga uingie, na muuguzi mmoja awaone wagonjwa wote akiwa amesimama mahali pamoja. Kwa mgonjwa anayetarajiwa kupona ni mpango wa maana sana. Kwa anayeondoka, kitu pekee alichowekewa ni skrini ya kitambaa yenye magurudumu, na kila aliyelala wodini alijua skrini hiyo ikisukumwa inakwenda kufanya nini.

Kizazi chetu kilipokabidhiwa kazi, kilijenga kwa ajili ya walio hai, na najivunia kusema hivyo. Sensa ya mwaka 1967 ilituhesabu Watanzania milioni 12.3, na sehemu kubwa yao walikuwa vijijini, mwendo wa siku nzima kutoka kwa mganga wa hospitali. Mtoto wa surua hakuweza kungoja. Mama aliyeshikwa na uchungu hakuweza kungoja. Baada ya Azimio la Arusha tulitumwa kusambaza zahanati na vituo vya afya, nasi tukaenda. Wengine kwa lori, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu huku ramani zimeviringishwa ndani ya bomba la bati zisilowe. Tulichora kwanza chumba cha uzazi, kisha dirisha la dawa, kisha kisima. Wananchi walifyatua tofali na kuchota mchanga bila kudai ujira. Ulipokuja ukata baada ya vita vya Kagera, saruji ilipatikana kwa kibali, misumari ikahesabiwa mmoja mmoja, na fundi alinyoosha nondo zilizopinda juu ya jiwe ili azitumie tena. Majengo mengi ya wakati ule yamesimama hadi leo. Yana nyufa na rangi imetoka, lakini watoto waliozaliwa ndani yake ndio wanaoiongoza nchi.

Hatukuhitaji kujenga mahali pa kufia, kwa sababu nyumba zilikuwa bado zinaifanya kazi hiyo. Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla ya miaka kumi kupita hapakuwa na wodi nchini isiyoujua. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure hospitalini mwaka 2004. Miaka yote ya katikati tuliiishi hivi hivi. Nilizikuta wodi zikiwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja, wamelala mzungu wa nne, na wengine chini juu ya mikeka kati ya vitanda. Veranda tulizokuwa tumezichora kwa ajili ya upepo na kivuli zikawa wodi. Nilimsikia mkaguzi mmoja akilalamika kwamba tulizifanya pana kupita kiasi na kupoteza bati. Miaka ile upana wake ulihifadhi watu mvua isiwanyeshee. Hata hivyo mzigo mkubwa uliangukia majumbani. Bibi wa miaka sabini aliuguza mwana, akamzika, akauguza mkwe, akamzika, kisha akabaki na wajukuu. Alifanya hivyo ndani ya nyumba aliyoijua, majirani wakimletea maji na kuni. Vijana wanaotafuta kujua uvumilivu ni nini wasitafute mbali. Wengi wao wamelelewa na bibi hao.

Nyumba ya leo haiwezi tena kazi ile, na lawama si ya anayeishi ndani yake. Nchi ya watu milioni 12 ilihesabiwa watu milioni 61.7 katika sensa ya mwaka 2022, na mijini familia inaishi chumba na sebule, au ghorofani kwenye fleti. Mume kazini, mke kazini, watoto shuleni. Mgonjwa anabaki na binti wa kazi ambaye naye ni mtoto. Choo kina kizingiti kirefu na mlango mwembamba. Dirisha limepandishwa juu kwa kuogopa wezi, na aliyelala haoni hata mti. Nimeshuhudia maiti ikishushwa kutoka ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Jeneza la mtu mzima lina urefu wa kama mita mbili, na kibao cha kugeukia kwenye ngazi zile hakikufika mita moja na nusu. Vijana sita walisimama pale wakijaribu hivi na vile, jasho linawatoka, mjane akiwa nyuma yao ngazi mbili juu, hadi ilipobidi walisimamishe wima kulipitisha kwenye kona. Hakuna aliyesema neno. Wamo wasanifu wenye shahada waliochora ngazi ile na maofisa walioigongea muhuri, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba watu wanaohamia ghorofa ya nne siku moja watatoka humo wakiwa wamebebwa.

Familia ikishindwa nyumbani inakwenda hospitali, na hospitali ikishindwa inarudisha nyumbani. Mgonjwa wa saratani anaweza kutoka Sumbawanga au Mtwara hadi Ocean Road, ambayo mwaka 1996 ilifanywa taasisi ya saratani inayojitegemea, akakaa wiki kadhaa, na daktari akawaeleza ndugu kwamba matibabu yamefika mwisho. Hapo ndugu huomba ruhusa haraka, kwa sababu wote wanajua kwamba kumsafirisha mtu angali hai ni nauli ya basi, na kumsafirisha akishafariki ni kukodi gari. Ni hesabu nzito kuifanya mbele ya mtu anayekusikia. Mwenzangu mmoja, fundi sanifu niliyefanya naye kazi tangu ujana, alifia wodini katika hospitali kubwa ambayo sitaitaja. Mkewe alikuwa nje ya geti. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha, mlinzi alikuwa anatimiza amri, na ndani ya wodi hapakuwa na nafasi ya kiti kati ya kitanda na kitanda. Yule mama alikaa juu ya tofali chini ya mwarobaini hadi asubuhi alipoitwa kuambiwa. Marehemu alikuwa amesimamia ujenzi wa wodi nyingi katika nchi hii.

Dunia imelifikiria jambo hili kwa muda sasa, nasi tupo ndani ya historia yake. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio letu, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, alifungua St Christopher's huko London, nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ambamo maumivu yalitibiwa kwa bidii ile ile inayotumika kutibu ugonjwa. Zimbabwe ilitangulia Afrika kwa huduma hiyo mwaka 1979. Nairobi Hospice ikafuata mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, Kampala, akija na morfini ya maji, dawa rahisi inayokorogwa kutokana na unga na kunywewa nyumbani. Na mwaka 2004 Uganda ikabadili sheria ili wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa waruhusiwe kuiandika. Hapa kwetu tunaiita tiba shufaa, na hospitali za dini, kama Selian ya Arusha, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwafuata wagonjwa majumbani kwao. Msanifu akiichunguza kazi ya Kampala atakuta jambo la kumfaa: pale hawakukimbilia kujenga jengo lenye vitanda. Muuguzi alikwenda kwa mgonjwa na dawa mkobani. Kwa hiyo jengo la kwanza la tiba shufaa ni nyumba ya mgonjwa mwenyewe, na kazi ya kwanza ya msanifu inaanzia kwenye nyumba za kawaida tunazozijenga kila siku.

Haigharimu sana. Chumba kimoja cha chini kisicho na ngazi, choo chake kikiwa usawa wa sakafu na mlango wa mita moja kasoro kidogo, ili mtu aweze kuingia akiwa ameshikwa kwapa na mwingine. Kizingiti cha dirisha kisizidi urefu wa goti la mtu aliyesimama, ili anayelala aone nje bila kuinuliwa, na nondo ziwekwe kwa mpango usiokata macho. Kibao cha ngazi kipimwe kwa jeneza, na lifti ya ghorofa ipimwe kwa machela. Naamini mambo hayo yangeandikwa katika kanuni za ujenzi za miji yetu yasingempunguzia mwenye nyumba kodi hata shilingi moja. Serikali imekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na hospitalini tuna dirisha letu la kupokelea dawa, jambo ambalo tunalishukuru. Dirisha ni mwanzo mwema. Ila mtu akishafikia hali ya kutoweza kusimama mbele ya dirisha, anahitaji chumba.

Kwa wale ambao nyumbani hapawezekani, na watazidi kuwa wengi, hospitali za wilaya na mikoa hazina budi kuwa na vyumba vyao. Vijana hawana haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Waende Rwanda, wilaya ya Burera, wakaone hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011. Wasanifu wake, MASS Design Group, walijenga ukuta mfupi katikati ya wodi, wakaelekeza vichwa vya vitanda kwenye ukuta huo, na kila mgonjwa akawa anatazama dirisha kubwa na milima iliyo nje badala ya kumtazama mgonjwa mwenziwe. Korido zimetolewa nje, hewa inapita, na kuta ni za mawe ya volkano ya pale pale, yaliyochongwa na waashi wa pale pale hadi yakashikana kwa ustadi ambao fundi yeyote ataupigia saluti. Kuhusu dirisha kuna ushahidi wa miaka mingi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala vyumba vinavyotazama miti walitoka mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Hao walikuwa watu wa kupona. Anayekaribia mwisho dirisha hilo ndilo shamba lake, ndiyo njia yake, ndiyo mbingu yake. Na pale asipoweza kugeuza shingo, anachokiona ni dari. Alvar Aalto wa Finland alilijua hilo alipojenga sanatoria ya kifua kikuu ya Paimio, iliyokamilika mwaka 1933: alichora chumba kwa macho ya mtu aliyelala, akapaka dari rangi tulivu ya kukoza, akaweka taa mahali isipomchoma mgonjwa machoni, na akatengeneza beseni ambalo maji yake yanateremka bila kelele. Sisi tunamwekea mgonjwa taa ndefu ya mwanga mweupe katikati ya dari la jipsamu, inawaka usiku kucha juu ya uso wake.

Lakini yote hayo, dirisha na dari na rangi, yanamhusu mgonjwa peke yake, na kwetu mgonjwa hayuko peke yake. Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe kuliko pengine pote. Hospitali zetu tumezipima kwa kitanda: chumba hiki cha kitanda kimoja, wodi ile ya vitanda kumi na viwili, eneo la kila kitanda mita kadhaa. Chumba cha tiba shufaa kipimwe kwa watu wanaouguza. Kila mgonjwa wa namna hii ana mtu mmoja asiyeondoka usiku na mchana, ana wawili watatu wanaopokezana, na siku zikikaribia ana ukoo mzima. Huyo asiyeondoka anahitaji mahali pa kujinyoosha, pa kuoga, pa kuswali au kusali, pa kulia bila mgonjwa kumwona. Wanaopokezana wanahitaji jiko, kwa sababu uji wa mgonjwa wa mwisho hupikwa na mkono anaoujua, hata kama atakunywa vijiko viwili tu. Ukoo unahitaji baraza pana yenye kivuli, karibu kiasi cha mgonjwa kuzisikia sauti zao, mbali kiasi cha kutomchosha. Jumuiya ikija kumwimbia, ipate mahali pa kusimama; padre akija kumpaka mafuta, pawe na meza ndogo na nafasi ya kupiga goti. Tukiwapuuza watu hawa hawataacha kuja. Watalala chini ya miti na kupikia nje ya uzio, kama ninavyowaona hadi leo nje ya kila hospitali kubwa.

Kitanda chenyewe lazima kigeuke. Mwislamu aliyefikia saa ile hulazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, au chali nyayo zikielekea huko na kichwa kikainuliwa kidogo. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya pwani yetu, kwa hiyo msanifu wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam hana kisingizio cha kutojua. Na bahati njema ni kwamba jengo linalokwepa jua la asubuhi na la jioni huku, huwa refu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini. Mambo haya mawili hayagombani. Yanachohitaji ni mita moja na nusu kila upande wa kitanda na magurudumu yanayozunguka kweli, na mlango wa kutosha kumtoa mgonjwa na kitanda chake hadi barazani jioni, akapungwe na upepo.

Kisha kuna njia ya mwisho. Katika hospitali nyingi nilizozikagua, kitoroli cha kwenda mochwari kinapita mbele ya wodi nyingine, na gurudumu lake bovu linasikika kabla hakijaonekana. Wagonjwa wote huacha kuzungumza. Njia hiyo iwe na mlango wake, iwe ya sakafu laini, yenye paa, ipite bustanini au kando ya ukuta, ielekee moja kwa moja kwenye chumba cha kuoshea. Na chumba hicho kiwepo, kiwe safi, chenye maji ya bomba, mteremko wa sakafu unaopeleka maji kwenye mfereji, mahali pa kutundika nguo, na benchi kwa watu wanne. Sakafu ya saruji haichimbwi ufuo. Ni wajibu wa mchora ramani kuuweka ufuo ndani ya saruji tangu mwanzo.

Mjukuu wa rafiki yangu, binti aliyehitimu usanifu majengo juzi juzi, aliniletea ramani ya jengo la tiba shufaa, vyumba vichache kando ya hospitali ya wilaya iliyo pwani. Tuliitandaza mezani tukaipitia mstari kwa mstari. Yeye alitaka ua katikati. Mimi nilipenda vyumba vitazame nje. Alinieleza kwamba wasioweza kutembea, milango ikiachwa wazi, wataonana na kusalimiana kupitia ua ule, na nikaona ana hoja kubwa, tukauacha. Jiko la jamaa alikuwa ameliweka kona ya kaskazini mashariki, karibu na geti, ili mkaa na gesi vishushwe kwa urahisi. Nilimkumbusha kwamba kaskazi huvuma kutoka upande huo kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutoka kusini mashariki karibu miezi yote ya katikati ya mwaka. Moshi wa kaskazi ungeingia moja kwa moja kwa wagonjwa, na misimu yote miwili upepo unatoka mashariki. Amelihamishia magharibi, na njia ya gari akaizungusha. Kilichobaki sasa ni chumba cha kuoshea. Mkadiria majenzi amependekeza kifutwe ili gharama ipungue, na kikao cha halmashauri kitaamua. Nimemwambia binti asikubali kukifuta, aende na vipimo vyake na hesabu yake, na kwamba akihitaji mzee wa kukaa naye upande wake wa meza, nitakuwepo kikao kikifunguliwa, pamoja na wenzangu ambao bado wana miguu ya kufika.